Sir Harry Johnston na Mpaka wa Tunduma

Mwaka 1929 Alex Johnston alitoa kitabu cha maisha na barua za ndugu yake, Sir Harry Johnston, aliyefariki mwaka 1927. Vitabu vya namna hii ni vingi, maana watawala wa kwanza wa kikoloni walikuwa hodari wa kuandika, na jamaa zao hodari zaidi wa kutunza. Humo twamwona mtu mzima mzima: mzaliwa wa London wa mwaka 1858, mfupi wa kimo, mchoraji, mpenda ndege na wanyama, mwepesi mno wa kalamu. Cheo chake kilikuwa Kamishna. Lakini tangu 1891 hata 1896 kazi yake ilikuwa ya gavana, katika nchi ambayo sasa ni Malawi.

Kwa watu wa Tunduma, hata hivyo, mwaka wenye uzito ni 1889. Johnston, wakati huo balozi mdogo wa Uingereza katika Msumbiji, alisafiri kutoka Ziwa Nyasa hadi Tanganyika, akipatana na machifu njiani. Karatasi hizo zikawa hoja mkononi mwa Lord Salisbury, aliyetaka njia ya Stevenson, yaani njia ya wafanya biashara wa Kiskoti baina ya maziwa hayo mawili, ibaki upande wa Waingereza.

Ikabaki. Mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890, kati ya Uingereza na Ujerumani, yaliupitisha mpaka katika mto Songwe, kisha ukingoni mwa bonde la Kongo, hata mto Kalambo. (Songwe huo ni ule uingiao Nyasa, uko mwingine wa jina hilo uendao Rukwa.) Katika maelezo ya kipande hiki imetajwa mito na nyuzi za ramani, wenyeji hawakutajwa. Mwaka 1898 Kapteni Close na wenzake Wajerumani walikwenda kupima mahali penyewe, na Wanyamwanga wakawa na serikali mbili: hawa wa Tunduma, wale wa Nakonde, lugha yao moja.

Hapa ndipo maisha ya Johnston yanaposhangaza. Baina ya 1919 na 1922 mtu huyu huyu alitoa majuzuu mawili makubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu, zaidi ya mia mbili. Ni wachache katika zama zake waliojua vema kama yeye kwamba lugha haikomi ukingoni mwa mto. Haifai kumtwika lawama yote, kwa kuwa mstari ulikatwa Ulaya na wakubwa wake. Ila hoja alizipeleka yeye. Mwenye kuzisoma barua zake atamjua sana mwandishi. Akitaka kuwajua Wanyamwanga, itambidi awaulize wenyewe, pande zote mbili za mpaka, na swali moja la Kinyamwanga litamtosha kotekote.