Tshibumba Kanda Matulu na Jalada la Kazi za Msanii katika Ukanda wa Shaba

Msanii chipukizi hushauriwa kuandaa jalada la kazi zake: achague zilizo bora, azipange, na awe tayari kuzieleza. Ushauri huo huchukulia kwamba yupo mtu atakayelifungua jalada zima. Katika miji ya shaba ya Kongo hali ilikuwa tofauti. Mchoraji wa mitaani wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, katika miaka ya mwanzo ya 1970, hakutegemea majumba ya sanaa. Soko lake lilikuwa sebule ya mfanyakazi, ikiwa ni pamoja na nyumba za makambi ya Gécamines kama Kapata, huko Kolwezi.

Mnunuzi wa sebuleni alitaka picha moja au mbili, tena za mada alizozijua: mamba muntu, yaani nguva, au koloni ya Wabelgiji, pamoja na bendera yake, mfungwa na kiboko. Wenyeji wenyewe waliziainisha picha hizo kuwa vitu vya bankambo, vitu vya zamani na vitu vya sasa. Sifa iliyotakiwa kwa kila picha ilikuwa ukumbusho: imfanye mtazamaji akumbuke na kusimulia. Hivyo kazi za mchoraji zilitawanyika nyumba kwa nyumba, wala hazikuonekana kamwe mahali pamoja.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alianzia katika soko hilo. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi. Tshibumba alijitambulisha kuwa mchoraji na mwanahistoria pia, naye akaona fursa ya kuichora historia yote ya nchi yake. Kufikia mwaka 1974 mfululizo huo ulikuwa na picha 101. Ndani yake mna falme za kale, ujio wa wageni, mauaji ya wachimbaji waliogoma Elisabethville mwaka 1941, uhuru wa 1960, kifo cha Lumumba mwaka 1961, utawala wa Mobutu, na hata mambo yajayo. Kila picha aliifafanua kwa Kiswahili cha Shaba, na maelezo yake yakarekodiwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hiki. Picha ya Lumumba peke yake ukutani ni ukumbusho. Ikiwekwa baada ya mgomo wa 1941 na kabla ya picha za Mobutu, huwa hoja. Mpangilio na masimulizi ndivyo vilivyomgeuza mchoraji kuwa mwanahistoria.

Lakini hoja hiyo ililipiwa kwa umbali. Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu cha Fabian kuhusu picha hizo kilitoka mwaka 1996. Nazo zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kwa jina la Tropenmuseum. Watu wa ukanda wa shaba, ambao historia hiyo ni yao, walibaki na kurasa mojamoja za jalada. Kwa msanii chipukizi wa Kolwezi, basi, kukusanya na kupanga kazi ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mkusanyiko huo, au walau nakala yake, unabaki karibu na wale wanaoweza kuusimulia.