Bustani ya Nyumbani na Majina Yake: Historia Fupi ya Lusuku ya Buganda

Mwalimu wa lugha mara nyingi hufundishwa na wanafunzi wake. Siku moja tulikuwa tukifundisha ngeli za majina ya mimea katika darasa la kwanza la sekondari, si mbali na Kampala. Tuliandika ubaoni: mgomba, migomba, mkungu, mikungu, ndizi, ndizi. Kisha tukawataka wanafunzi watunge sentensi. Msichana mmoja akaandika: "Mama hakupika chakula, alitupa ndizi tu."

Tulikwisha kuinua kalamu nyekundu ili tumsahihishe, kwa sababu tulijua kwamba nyumbani kwao ndizi ndiyo chakula cha kila siku. Lakini tulipomwuliza tulitambua kwamba hakukosea katika kufikiri. Kwa Kiganda, ndiizi ni ile ndizi ndogo tamu inayoliwa mbivu, ambayo wengine huiita sukali ndiizi. Maneno hayo mawili, sukari na ndizi, yametoka katika Kiswahili. Ile kubwa ya kupika, yaani matooke, kwake si ndizi; ni emmere, chakula chenyewe. Neno letu lilikuwa limekwenda Buganda zamani, likapewa kazi ndogo, nasi sasa tulikuwa tunamrudishia mtoto neno lile lile na kumdai maana kubwa zaidi.

Tangu siku ile tumekuwa tukiitazama bustani ya nyumbani kama kitabu cha historia. Katika makala haya tunataka kukifungua kitabu hicho mbele ya walimu wenzetu, kwa kuwa twaona kurasa zake zinachanika.

Lusuku ni nini?

Lusuku ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Muganda. Si shamba la biashara, wala si bustani ya maua. Ni ghala, jiko na ua kwa pamoja. Chini ya kivuli cha migomba hupandwa maharage, magimbi, maboga na viazi vikuu. Pembeni, karibu na jiko, huwa na mboga za majani: nakati, doodo ambayo ni mchicha, jjobyo ambayo watu wa pwani huiita mgagani, na ensuga ambayo ni mnavu. Hapa na pale husimama mti wa mutuba, ambao gamba lake hupondwa likawa nguo ya lubugo. Ufundi huo wa lubugo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote.

Kazi ya lusuku kwa desturi ilikuwa ya mwanamke. Yeye ndiye aliyelima, akatandaza majani makavu ili kuhifadhi unyevu, akapunguza machipukizi na kuchagua mkungu wa kukatwa. Katika kila shina aliacha mimea mitatu tu: mama aliyebeba mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayeanza kuchomoza. Mama akikatwa, binti hushika nafasi yake. Kwa utaratibu huo shamba moja liliweza kuwalisha watu miaka mingi bila ya kupandwa upya. Wahenga wa pwani walisema, mgomba haushindwi na mkunguwe. Nasi twaweza kuongeza kwamba jembe la mama ndilo lililousaidia usishindwe.

Lusuku ilikuwa pia mahali pa ukoo. Kwa mila za zamani kondo la nyuma la mtoto lilizikwa penye shina la mgomba: la mtoto wa kiume kwenye mgomba wa pombe, na la mtoto wa kike kwenye mgomba wa chakula. Wafu nao walizikwa katika ardhi hiyo hiyo ya jamaa. Kwa hiyo mtu aliyefukuzwa katika lusuku yake hakupoteza chakula peke yake.

Wageni waliogeuka wenyeji

Hadithi ya Kiganda yasema kwamba Nambi, mke wa Kintu, aliposhuka kutoka mbinguni aliuleta mgomba pamoja na kuku. Wanasayansi nao wanatuambia kwamba asili ya mgomba ni Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya upande wa Nyugini. Kwa maneno mengine, hadithi na sayansi zinakubaliana katika jambo moja: mgomba ni mgeni aliyeletwa. Ila alikaa muda mrefu hata akawa mwenyeji. Migomba ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki ni jamii ya peke yake, na wataalamu wameigawa katika makundi matano yenye majina ya Kiganda: Nfuuka, Musakala, Nakabululu, Nakitembe na Mbidde. Uchunguzi wa chembe za urithi unaonyesha kwamba aina zote hizo, ambazo ni makumi kwa makumi, zina asili moja iliyo nyembamba sana. Tofauti zilijitokeza zenyewe shambani, kidogo kidogo, na walioziona, wakazichagua, wakazipa majina na kuzihifadhi ni wakulima, hasa wanawake. Kazi ya kutoa majina ni kazi ya lugha. Basi mama hao walikuwa wanaisimu kabla ya sisi kupata stashahada zetu.

Wageni wengine walifika baadaye, na majina yao yanaonyesha njia waliyopita. Mwaka 1498 meli za Vasco da Gama ziliingia katika bahari yetu, na katika karne zilizofuata Wareno walisafirisha mimea ya bara la Amerika hadi pwani za Afrika. Kutoka Amerika tulipata muhogo, mahindi, viazi vitamu, nanasi, papai, pera na nyanya. Pera ni neno la Kireno, na kwa Wareno ni tunda jingine kabisa lisilokuwa na mbegu nyingi kama la kwetu. Watu wa pwani walilichukua jina wakalipa tunda lililokuwapo. Mahindi hayakutoka Uhindi, lakini jina linaonyesha watu walikodhani yametoka. Bamia, figili na saumu zilikuja na majina ya Kiarabu.

Kutoka pwani majina hayo yalipanda bara pamoja na misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika ua wa Kabaka Suuna wa Pili kiasi cha mwaka 1844, miaka 18 kabla ya Speke kufika kwa Mutesa mwaka 1862. Tunakumbuka sana kwamba walileta nguo, bunduki na dini ya Kiislamu, na kwamba waliondoka na pembe za ndovu na watumwa. Ni haki tukumbuke hayo yote, machungu pamoja na matamu. Lakini Kiganda chatukumbusha jambo jingine. Muhogo ni muwogo, mwembe ni muyembe, pera ni ppeera, nanasi ni ennaanansi, fenesi ni ffene, na kitunguu saumu ni katunguluccumu. Kinyume chake, kiazi kitamu ni lumonde, jina lisilofanana na la pwani, na hiyo ni dalili kwamba huenda kilifika kwa njia nyingine. Mwanafunzi asemaye kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni kwake hula maneno ya Kiswahili kila siku pasipo kujua.

Ardhi chini ya migomba

Historia ya bustani haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi. Tarehe 10 Machi 1900 Mkataba wa Buganda ulitiwa sahihi. Ardhi ilipimwa kwa maili za mraba, na sehemu kubwa ikagawiwa Kabaka, jamaa zake, machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000. Tangu hapo ardhi ya namna hiyo inaitwa mailo. Walimu wa Kiswahili watalitambua neno hilo mara moja, maana ni ndugu wa maili yetu: kipimo cha Mwingereza kilichogeuka kuwa jina la miliki. Mkulima wa kawaida, ambaye mababu zake walizikwa pale, aliamka akajikuta mpangaji katika kibanja chake mwenyewe.

Pamba ilipoletwa mwaka 1903 na kuanza kuleta fedha, wenye mailo walizidi kudai malipo. Malalamiko yalikuwa makubwa hata serikali ikalazimika kutunga Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928. Busuulu ilikuwa kodi ya kukaa katika ardhi, na envujjo ilikuwa malipo yatokanayo na mazao. Sheria hiyo iliweka kikomo cha malipo, ikakataza mpangaji kufukuzwa bila ya amri ya mahakama, na ikaruhusu mrithi wake kushika kibanja. Anayepanda maharage hungoja miezi michache tu. Anayepanda mgomba na mkahawa hupanda kwa ajili ya wajukuu. Mtu hapandi kwa ajili ya wajukuu mahali ambapo anaweza kuondolewa kesho.

Sheria ziliendelea kubadilika. Amri ya mwaka 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaweka kinga kwa wakaaji wa siku nyingi. Katika misukosuko hiyo yote lusuku ilibaki kuwa tegemeo. Baada ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia kufukuzwa mwaka 1972, bidhaa ziliadimika madukani, na neno jingine la Kiswahili, magendo, likaingia katika kila mazungumzo. Mshahara wa mwalimu au karani haukutosha. Watu walilima kando ya barabara, mabondeni na nyuma ya nyumba za serikali. Kampala yenyewe ikawa na migomba, muhogo na viazi kila penye nafasi. Waliomaliza shule miaka ile wanajua kwamba karo yao ilitoka katika lusuku. Na katika vita vya Luwero, kati ya mwaka 1981 na 1986, maelfu ya watu walizikimbia bustani zao. Wengi waliorudi walikuta vichaka, wakaanza upya kwa machipukizi ya kuombaomba.

Kurasa zinazochanika

Mwaka 2001 adui mpya alionekana katika wilaya ya Mukono: mnyauko wa migomba uletwao na bakteria. Majani hugeuka rangi ya manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na huenezwa na sisi wenyewe kwa visu, majembe na machipukizi yenye ugonjwa. Dawa ya kunyunyiza haipo. Wakulima walifundishwa kulivunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, kusafisha zana kwa moto au kwa dawa, na kung'oa mimea iliyoambukizwa.

Katika lusuku ya mama yetu ugonjwa huo uliingia miaka michache baadaye. Alikuwa na aina kumi na moja, na kila moja akiijua kwa sura ya shina lake hata kabla haijazaa. Alipomaliza kung'oa palikuwa na uwazi mwekundu mbele ya nyumba. Alipanda tena kwa machipukizi aliyopewa na jirani, na leo kuna Kibuzi, Mbwazirume na Musakala. Nyingine hazikurudi. Tulipomwuliza majina ya zile zilizopotea, alitaja manne, akanyamaza, akasema, "Mengine yalikuwa yakinijia nikiyaona." Sisi, mwalimu wa lugha tuliyefundisha majina kwa miaka ishirini, hatukuwa tumeyaandika.

Upungufu wa ardhi nao unachangia. Kibanja kilichomtosha babu hugawanywa kwa watoto sita, na mji unaposogea, kiwanja hupata bei kuliko mikungu. Katika ukoo wetu pia neno la kuuza limetamkwa zaidi ya mara moja, na wanaolitamka si watu wabaya. Wana watoto wa kusomesha. Hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa shida yake. Lakini yatupasa kujua tunachouza.

Wajibu wetu walimu

Uganda iliifanyia Katiba mabadiliko mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hilo ni jambo la furaha kwetu. Hata hivyo, iwapo Kiswahili kitaingia darasani kwa kuyafuta majina ya nyumbani, tutakuwa tumemnyang'anya mtoto kitu kimoja ili tumpe kingine.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Kila mwanafunzi na aende kwa bibi au mama yake, aulize majina ya kila mmea ulioko katika bustani, ayaandike kwa lugha ya nyumbani, kisha darasa zima litafute majina ya Kiswahili. Watagundua mitego mizuri ya kujifunzia. Wataona, kwa mfano, kwamba emboga ya Kiganda ni kabichi peke yake, ilhali mboga ya Kiswahili ni kila kitoweo cha majani. Na kwamba nakati haina jina linalolingana nayo barabara, basi na ibaki nakati. Daftari hizo zisitupwe baada ya kusahihishwa, zitunzwe shuleni.

Tunawaomba pia walimu wenzetu wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo watuletee majina ya bustani za kwao, ili yapigwe chapa katika jarida hili.

Ama yule msichana, sentensi yake hatukuifuta. Tuliandika chini yake: "Ndizi za namna gani?" Siku ya pili alirudi na orodha ya majina saba, kwa mwandiko wa bibi yake.