Masafa

Mchezaji wa gofu wa ridhaa, ajiandaliapo shindano la kuupiga mpira mbali kuliko wenziwe, neno lisilombanduka ulimini ni masafa, ambalo tulilipokea kwa Waarabu, na ambalo leo twalisikia katika mbio za masafa marefu na redio za masafa mafupi. Wanazuoni wa kale wa Kiarabu walilinasibisha na tendo la kunusa, kwani, wasema, kiongozi wa msafara apoteapo jangwani alikuwa akiteka mchanga na kuunusa, apate kujua kama yu njiani au amepotoka. Mchezaji naye, kabla ya kuuweka mpira juu ya kijiti chake, hung'oa majani machache akayarusha hewani, ajue upepo waelekea wapi. Hapo hubainika ya kuwa nguvu pekee haitoshi: hata akishika fimbo ya inchi 48, kikomo cha kawaida katika sheria za gofu, na akajizoeza kuzungusha nyonga mwezi mzima, pigo liangukalo nje ya mipaka halihesabiwi. Masafa, kwa asili yake, hudai kwanza maarifa ya njia.