Njia za Miguu na Baiskeli Kandokando ya Ziwa Nyasa

Wahenga walisema, njia ya siku zote haina alama. Mtu hapotei katika njia aliyoizoea, wala hahitaji kuwekewa nguzo za kumwelekeza. Lakini kitu kisicho na alama husahauliwa upesi na waandishi. Historia ya Nyanda za Juu Kusini imeandikwa mara nyingi kwa kufuata vita, reli na barabara kuu. Njia nyembamba za kandokando ya Ziwa Nyasa, ambazo kwazo watu wamekwenda kwa miguu na baadaye kwa baiskeli, hazikupata mwandishi wa kuzitosha. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba njia hizo ni kazi ya jamii yenyewe, kama ilivyo ngoma au shairi, na kwamba zikitoweka tutakuwa tumepoteza mali ambayo hatukupewa na dola yoyote.

Hapana budi kwanza kuitazama nchi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake hukaribia mita 700. Katika ncha yake ya kaskazini mwambao una sura mbili. Kutoka mto Songwe hadi Matema iko tambarare ya Kyela. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka huko na maji ya mvua nyingi za milimani, ikiacha udongo uzaao mpunga, kokoa na ndizi. Kutoka Matema kuelekea kusini, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na kuingia majini, na mahali pengi haikuacha hata nafasi ya kujenga barabara ufukweni. Mwambao huo wa milima wafika Lupingu na Manda katika wilaya ya Ludewa, iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo ziwa hili lilikuwa limewaunganisha watu wa Mbeya na wa Iringa kabla magari hayajajulikana.

Katika tambarare na vilima vya Rungwe, njia za miguu zilizaliwa na mpango wa maisha. Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo imewashangaza wataalamu wengi: vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walianza kujijengea vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha wazazi, wakalala huko pamoja na wenzao. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, na shamba la baba waliendelea kulilima. Walipooa, walikaa na wake zao katika kijiji hichohicho cha rika lao. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliieleza desturi hii kwa kirefu. Tutafakari maana yake juu ya ardhi. Kila siku vijana walitoka kijiji cha rika kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda shambani, na kurudi. Nchi ya namna hiyo haiwezi kuishi bila vijia vingi, vilivyofyekwa na kutunzwa, vyenye kupita katikati ya migomba kutoka ua hadi ua. Kijia kilikuwa sehemu ya malezi, kwa kuwa kijana alifunzwa heshima katika kwenda na kurudi kwake.

Upande wa milimani njia ilikuwa maji. Wakisi wa Ikombe, walio hodari wa kufinyanga, walipakia vyungu vyao katika mitumbwi wakavuka mpaka soko la Matema, na kutoka hapo vyungu vikapanda bara juu ya vichwa vya watu. Chungu cha Mkisi kilichopikia maharage katika nyumba ya mbali kilikuwa kimesafiri kwa mtumbwi na kwa kijia, pasipo kuliona gurudumu.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walizikuta njia hizi zikifanya kazi. James Elton alipita mwaka 1877 kutoka ncha ya ziwa kupitia Usangu kwa Merere, akafariki Ugogo mwaka uleule. Joseph Thomson naye alifika ziwani mwaka 1879 baada ya kuipita nchi ya Wahehe. Vitabu viliwaita wavumbuzi, lakini walikanyaga mahali palipokwisha kukanyagwa, wakiongozwa na wenyeji waliojua kila kivuko.

Utawala wa Kijerumani ulileta mawazo mengine juu ya njia. Mwaka 1893 meli ya Hermann von Wissmann ilianza kuelea ziwani, baada ya kusafirishwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire. Mwaka huohuo kituo cha Langenburg kilijengwa ufukweni, na baadaye makao ya serikali yakahamishiwa vilimani, mahali tunapopaita leo Tukuyu. Serikali ilihitaji barabara pana kwa ajili ya askari, kodi na mazao, na waliozilima barabara hizo walikuwa wananchi walioshurutishwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka mwezi Mei 1916, yakaiteka Tukuyu, na kufika Iringa mwishoni mwa Agosti. Nyuma yao walikwenda wapagazi wengi wenye shehena vichwani, na wengi wao hawakurudi. Tangu siku hizo neno barabara lilibeba kumbukumbu ya amri na jasho lisilolipwa, na kijia kikabaki njia ya mtu kumwendea ndugu yake.

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilitengenezwa Uingereza mwaka 1885, na tairi za kujazwa upepo zikafuata mwaka 1888. Katika nchi yetu ilitanguliwa na wamisionari na maofisa, lakini walioipeleka vijijini walikuwa wafanyakazi. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta vijana wengi katika miaka ya 1920 na 1930. Wengine walikwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine waliandikishwa na Wenela kwenda Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilipoukomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru. Baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo kijana aliyetoka migodini alitamani kurudi navyo. Ilimwonyesha kuwa amekuwa mtu mzima, na mara nyingi ilikuwa mashine ya kwanza kumilikiwa na familia.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili: baiskeli ilirithi kijia. Gari lilidai daraja la zege na barabara ya upana wake, lakini baiskeli ilitosheka na unyayo. Ilipita kati ya migomba, juu ya majaruba ya mpunga, na juu ya gogo lililolazwa kuvuka mfereji; kivuko kikiwa kirefu, iliingia mtumbwini pamoja na mwenyewe. Katika tambarare ya Kyela ikawa chombo cha kawaida cha kubebea gunia la mchele, mkungu wa ndizi, mgonjwa aendaye zahanati, na abiria aendaye mpakani Kasumulu. Katika Iringa, ambako miinuko huchosha miguu, ilibeba mbao, viazi na madumu ya ulanzi wakati wa msimu wake. Fundi baiskeli, mwenye pampu yake na beseni la maji la kutafutia tundu katika mpira, akawa na heshima ileile aliyokuwa nayo mhunzi zamani.

Baiskeli ilirithi pia adabu ya kijia. Katika njia nyembamba watu hawawezi kupishana pasipo kuonana uso kwa uso. Mwenye mzigo kichwani hupishwa. Mpanda baiskeli hupiga kengele kutoka mbali, na akimfikia mzee hupunguza mwendo, au hushuka, akamwamkia: huku bondeni kwa Kinyakyusa, kule Iringa kwa neno la Kamwene. Katika barabara kuu maamkizi hayo hayana nafasi. Dereva humwona mwenda kwa miguu kuwa kizuizi, na mwenda kwa miguu humwona dereva kuwa hatari.

Baada ya Uhuru taifa lilijenga kwa haraka, na lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ipitayo Iringa na Mbeya, ilijengwa upya kwa lami kuanzia mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kazi hizo ziliikomboa Zambia katika kutegemea bandari za wakoloni, na hakuna mzalendo atakayezibeza. Hata hivyo zilibadili mahali pa kuishi. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wengi wa Iringa walihamishiwa kando ya barabara, na vijia vilivyounganisha makao ya zamani vikaachiwa nyasi. Katika miaka ya karibuni pikipiki za bodaboda zimeingia vijijini. Zimewafaa wengi, lakini zimeleta mwendo wa barabara kuu ndani ya kijia, ambako mtoto wa shule hana pa kuruka.

Lililo hatarini, basi, ni haki ya mtu asiye na injini. Njia isiyoandikwa mahali popote hufungwa kwa urahisi: mmoja husogeza shamba hatua mbili, mwingine hujenga uzio, na wa tatu huuza kiwanja cha ufukweni. Lami imekwisha kufika Matema, na thamani ya ardhi ya ufukweni hupanda pamoja nayo. Mwanafunzi aliyekwenda shule kwa kijia atalazimika kuzunguka kwa barabara ya malori.

Sheria zetu hazikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi itumiwayo na wanakijiji wote kwa pamoja. Halmashauri ya kijiji ikitaka, yaweza kuviandika vijia vyake katika mpango wa matumizi ya ardhi, kama inavyoandika kisima na makaburi. Wajerumani, waliotufundisha kwa viboko kulima barabara, leo wanashirikiana na Uswisi na Austria kutunza njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 250 kulizunguka ziwa la Bodensee, na wageni huja kuipanda kwa furaha. Sisi hatuna haja ya kuanza upya. Njia tunazo, zimekanyagwa na vizazi vingi. Zimekosa kuandikwa tu.

Kazi hiyo yaweza kuanza shuleni. Mwalimu wa historia na mwalimu wa jiografia wawatume wanafunzi wao wachore ramani ya vijia vinavyokuja shuleni pao, wawaulize wazee majina ya vivuko, nani alikuwa akivifyeka, na njia ipi imefungwa na tangu lini. Nakala moja ya ramani hiyo ibaki maktabani, na ya pili ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, ili siku mtu atakapokuja kupima kiwanja juu ya njia, akute jina lake limekwisha kuandikwa.