Sehemu ya 4: Ghala limejaa, mtoto hakui. Historia ya uji wetu wa Ungoni

Tumerudi. Mara iliyopita tuliongelea vyungu na mikeka, leo tunaingia kwenye sufuria ya uji wa mtoto. Injika chai kwanza, posti ni ndefu.

Kuna jambo linaniumiza kila siku ya kliniki. Mkoa wetu wa Ruvuma unalisha nchi. Msimu ukifika, malori yanapanga foleni Songea kupeleka mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hapa Maposeni nyumba nyingi huwezi kukosa gunia mlangoni mwezi wa saba. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu, 44 walikuwa wamedumaa. Ule wa 2022 ukakuta wamepungua, karibu 36. Tumepiga hatua, sikatai. Ila wastani wa nchi ni 30, bado tuko juu yake. Na wenzetu wa Iringa, Njombe na Rukwa, wakulima wa mahindi kama sisi, ndio wanaongoza. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto!

Kudumaa sio kukonda. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri tu, anacheza, anacheka, ila ukimpima urefu ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Ndio maana nyumbani hawamwoni. "Baba yake pia ni mfupi." Nimelisikia hilo mpaka nimechoka. Baba yake naye alilishwa nini?

Watu wakisikia hizi namba wanarukia kusema akina mama hawajui kulisha. Mimi hapo nakataa. Ukifuatilia historia ya hiyo sufuria utaona kuna vitu vilitolewa kimoja baada ya kingine kwa zaidi ya miaka mia moja, na vingi havikutolewa na mama. Twende taratibu.

Tuanze na mahindi yenyewe. Tunayaita chakula chetu cha asili, lakini asili yake ni Amerika. Wareno ndio waliyafikisha kwenye pwani zetu kuanzia karne ya 16. Huku bara, sehemu nyingi, kwa muda mrefu yalikuwa kitu cha kuchoma na kuchemsha wakati wa masika. Ugali na uji ulikuwa wa ulezi na mtama, pembeni kuna kunde, maboga, karanga na majani ya porini. Babu zetu Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 na baadaye kufika huku waliwakuta wenyeji wanakula hivyo. Nyama ya mwituni ilikuwepo, dagaa wa Ziwa Nyasa, kumbikumbi, na panya wa shambani. Watani wetu wanatucheka kwa panya mpaka leo. Wacheke tu, ile ni protini, na haikuhitaji mtu awe na hela.

Pigo la kwanza lilikuja na sotoka ya miaka ya 1890, iliyoua ng'ombe karibu Afrika Mashariki nzima. Ng'ombe wakiisha, maziwa ya mtoto yameisha.

La pili mnalijua, kila mwaka tarehe 27 Februari tunalikumbuka pale Mahenge, Songea mjini. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu 67 kwa vita ya Majimaji. Mashuleni tunafundishwa maji ya Kinjeketile, risasi na kamba za kunyongea. Kitu ambacho hatufundishwi vizuri ni jikoni. Wajerumani walipoona vita haiishi, walichoma vijiji, wakachoma mashamba, wakachukua au kuunguza chakula kilichokuwa vihengeni pamoja na mbegu. Njaa ikawa silaha. Waliokufa kwa vita ile kusini yote wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na magonjwa yanayofuatana na njaa. Sasa fikiria kama mama. Mbegu ya ulezi aliyokuwa nayo bibi wa bibi yako, aliyoichagua miaka yote masuke mazuri akayatundika juu ya moshi wa jiko, imeungua. Anaanza upya na mbegu gani? Na nani wa kumsaidia kulima?

Shika hilo swali la nani wa kumsaidia, ndilo linaloeleza miaka iliyofuata. Enzi za Mwingereza, wanaume wa Songea waliondoka kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga. Ndio wale manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Nyumbani anabaki mama, watoto na wazee. Waliobaki wengi wakaingia kwenye tumbaku, na chama chetu cha ushirika cha Ngoni-Matengo kikaundwa 1936. Tumbaku inakula nguvu jamani! Kitalu, kuhamisha miche, kupalilia, kuvuna, kukausha kwa kuni. Nguvu ya mama ni ile ile moja.

Na ulezi hautaki mama mwenye haraka. Magugu yake yanafanana nao ukiwa mdogo, lazima upalilie kwa mkono ukiwa umeinama. Ukiiva, ndege wanakuja. Unavuna suke kwa suke kwa kisu kidogo. Zamani kazi ya kufukuza ndege ilikuwa ya watoto. Watoto wakaanza kwenda shule, na ni vizuri walienda, lakini ndege hawakwenda shule. Mahindi sasa: yamevaa maganda yao wenyewe, ndege hawayawezi kirahisi, ukichelewa kuvuna wiki mbili hujapoteza shamba. Ukimwona bibi aliyeacha ulezi akashika mahindi usimwite mjinga. Alikuwa peke yake. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inalazimisha kila kaya iwe na shamba la muhogo la akiba ya njaa. Muhogo unajaza tumbo, unaokoa maisha mwaka mbaya, ila kumjengea mtoto mwili hauwezi.

Baada ya uhuru, miaka ya 1970, serikali ikaja na mambo mawili yaliyotufanya tuwe Ruvuma tunayoijua: bei moja ya mahindi nchi nzima, na mbolea ya ruzuku. Hata ukiwa mbali na Dar es Salaam kama sisi, Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua gunia lako kwa bei ile ile ya mwenye shamba karibu na mjini. Miaka ya 1980 barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ikafika. Basi tukawa moja ya ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Watu walijenga, walisomesha, na wengine tunaosoma hapa tumesomeshwa na mahindi hayo. Sitayatukana. Ila shamba la kunde likasogezwa, la karanga likapungua, ulezi ukabaki wa pombe.

Halafu ikaja mashine. Hapa nataka tukae kidogo maana hapa ndipo mtoto alipoumia bila mtu kuona.

Kabla ya mashine, unga mweupe ulikuwepo lakini ulikuwa na gharama yake. Mama anatwanga kwenye kinu, anapepeta pumba kwenye ungo, analoweka siku kadhaa, anaosha, anaanika, anatwanga tena, anachekecha. Kazi ya karibu wiki nzima na mgongo unauma. Kwa hiyo ugali mweupe ulikuwa wa mgeni, wa mkwe, wa sherehe, na siku za kawaida watu walikula unga wenye kila kitu ndani yake. Weupe ukawa na maana ya heshima. Mashine ya kukoboa ilipofika kijijini, ile heshima ikapatikana kila siku kwa hela kidogo. Nani angekataa? Mama aliyetwanga miaka yote, leo unamwambia kuna mashine inamaliza ndani ya dakika chache, atakimbia, na mimi ningekimbia.

Tatizo ni kinachobaki kwenye ndoo ya pili. Mashine ya kukoboa inatoa ganda na kile kiini cha punje. Kwenye kiini ndiko kuna mafuta, vitamini, madini na protini iliyo bora kuliko ya sehemu nyeupe. Tunabeba sembe kwenda kwa mtoto, pumba zinaenda kwa nguruwe. Nguruwe wa Songea wana afya, hilo wote mtakubali.

Na mahindi yana jambo lingine la zamani zaidi. Wenyeji wa Amerika waliokuwa wanayalima maelfu ya miaka waliyachemsha na chokaa au majivu. Ile chokaa inafungua vitamini moja, naiasini, ambayo kwenye mahindi imejifunga mwili hauwezi kuichukua. Mahindi yalipovuka bahari, maarifa ya majivu hayakuvuka nayo. Huko kwa wenzetu wa Ulaya maskini waliokula mahindi peke yake waliugua pelagra: ngozi inababuka, kuhara, mwisho akili inavurugika. Msidhani ni hadithi ya mbali. Mwaka 1990, ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, zaidi ya wakimbizi 18,000 kutoka Msumbiji waliugua pelagra. Walikuwa wanapewa mahindi. Kilichokatika kwenye mgao wao ni karanga. Karanga tu! Zile mnazoziona za kutafuna tukipiga soga.

Neno kwashakoo nalo tumelizoea tunadhani ni letu. Ni la Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huo miaka ya 1933 na 1935 akiwa huko, na akina mama wa Accra ndio waliompa jina: ugonjwa anaoupata mtoto mdogo wake akizaliwa. Yaani ameachishwa ziwa, akapewa uji wa mahindi mtupu. Akina mama walishaona sababu kabla ya daktari kufika.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike sehemu hii. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba takriban mililita 240 kwa mlo, kikombe kimoja. Ukimpikia uji mwepesi anaoweza kunywa, kikombe chote ni maji, unga kidogo. Ukimpikia mzito wenye unga wa kutosha, anakataa, unamkaba. Hesabu inagoma. Zaidi mwezi wa 12 mpaka wa 3, mama yuko shamba kutwa nzima, mtoto amekula asubuhi na jioni basi.

Jibu lilikuwa kwenye mtungi wa pombe. Wapishi wa ugimbi siku zote walijua kwamba ukiweka kimea kwenye uji mzito, unalegea kama umeongezewa maji, wakati hujaongeza hata tone. Ulezi ulioota unatengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa 1973, ililichukua jambo hili miaka ya 1980 ikalifanyia kazi kwa ajili ya watoto. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1983, pale Iringa kulikuwa na mpango wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji vikawa vinapima watoto wao wenyewe na kujadili matokeo kwenye mkutano, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Dunia nzima ilikuja kujifunza Iringa. Leo nikiwauliza mama wa miaka 22 kuhusu kimea, wananitazama kama nimewaambia wampe mtoto pombe. Sio pombe. Pombe inatokea ukiacha ichachuke siku kadhaa.

Inafanywa hivi. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uote. Anika juani ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Usikaange, ukikaanga umeua kazi yake. Tumia ulezi, mtama usiuoteshe kwa ajili ya mtoto kwa sababu machipukizi yake yana sumu. Pika uji wa dona mzito, ule usiodondoka kirahisi kwenye kijiko. Ipua, subiri upoe kidogo, tia kijiko kidogo cha kimea, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Rudisha motoni uchemke kidogo, halafu weka karanga zilizosagwa au dagaa wa unga. Ulezi wenyewe una kalsiamu zaidi ya mara 10 ya mahindi, kwa hiyo ukichanganya nusu kwa nusu na dona ni bora zaidi. Hii ni kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, kabla ya hapo ni ziwa tu.

Dona nayo ina masharti. Chambua mahindi yenye ukungu, yaliyooza na yaliyotobolewa, kausha vizuri kabla ya kuhifadhi. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Na wale wa uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili na karanga mbichi ndani, unaokaa kwenye ndoo miezi mitatu, naomba tuuache. Karanga zinaharibika humo. Saga kidogo kidogo, karanga ziweke siku ya kupika.

Ulezi sokoni Peramiho unapatikana, bei iko juu ya mahindi kwa sababu wanaonunua wengi ni wapika pombe. Kwa mtoto mmoja debe linakwenda mbali. Mwenye eneo kidogo nyuma ya nyumba apande mistari michache mvua za mwezi wa 12, na wale watoto wakirudi shule mchana wapeni manati.