Sindano Yenye Kuhesabu Miale

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu vya Pili, tabibu aliyefungua fuvu la mgonjwa ili aondoe uvimbe wa ubongo hakuwa na dalili ya kumwonyesha mpaka baina ya nyama njema na iliyoharibika ila macho yake na ncha za vidole vyake, na aghalabu vyote viwili vilimhadaa. Taabu hiyo ndiyo iliyowashughulisha wapasuaji Bertram Selverstone na William Sweet wa Boston, ambao, pamoja na mwenzao Charles Robinson, walitangaza mwaka 1949 habari za ala mpya: mrija wa Geiger uliopunguzwa hata ukawa mwembamba kama sindano nene, wenye kuhisi miale nchani, uwezao kuchomekwa ndani ya ubongo wenyewe. Historia ya tiba huwasifu wapasuaji. Mimi ningemtukuza pia fundi aliyethubutu kuutia mahali pale mrija usiofanya kazi ila kwa umeme wa mamia ya volti.

Mgonjwa alikuwa amekwisha kudungwa fosforasi-32, ambayo uvimbe huinyonya kwa wingi kuushinda ubongo unaouzunguka. Miale yake ni ya beta, na katika nyama haisafiri hata sentimeta moja, basi kwa mwenye kuitafuta kutoka nje ya fuvu haifai kitu. Lakini upungufu huo huo, maadamu ala imo ndani, ukawa ndiyo fadhila yake, kwani hesabu ikipanda, uvimbe u papo hapo penye ncha.

Miale ya gama ilileta mashaka ya kinyume. Mwaka 1956 fuwele ya iodidi ya sizi ilitumiwa kutafutia mabaki ya tezi ya thairoidi yenye iodini-131. Na kwa kuwa gama hupenya mwili, ala hupokea pia miale ya viungo vya mbali, isipokuwa imezungushiwa risasi au tangsteni na kuachiwa tundu mbele tu. Tundu likiwa pana, mahali hapajulikani kwa hakika. Likiwa jembamba, miale iingiayo ni haba na tabibu hungoja.

Kwa ala za namna hiyo David Krag na wenzake walionyesha, mwaka 1993, jinsi ya kuitafuta kwa tekneti-99m tezi ya limfu ipokeayo kwanza saratani ya titi, ili mwanamke asiyehitaji asiondolewe tezi zote za kwapani.