Simba wa Ndagara: mizimu iliyolinda mipaka ya Karagwe

Omukama Ruhinda wa Sita aliishi miaka mingi mno, hata watu wa Karagwe wakadhani hatakufa. Siku ilipofika, moyoni mwa maiti yake akatoka mwanasimba. Simba huyo akakaa kukilinda kilima alikolazwa mfalme, naye akazaa wengine, hadi nchi ikajaa simba. Mwana wa Ruhinda, Ndagara, alipokalia kiti, simba wakawa wanamtii. Majirani wa kaskazini walipovamia, Ndagara hakuita vijana wa mikuki. Aliita simba wake, nao wakafagia kila kilichokuwa mbele yao.

Msimulizi alikuwa mjukuu wa Ruhinda huyo, Rumanyika wa Kwanza, aitwaye Orugundu. Msikilizaji alikuwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyeingia Karagwe na mwenzake James Grant mwezi Novemba 1861, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke aliyaandika hayo kwenye kitabu chake kilichotoka 1863, na mpaka leo msafiri anayetaka kuijua mizimu ya Karagwe hana budi kuanzia hapo, pamoja na kazi ya mwanahistoria Israel Katoke, aliyeandika historia ya Wanyambo, watu wa Karagwe, na ufalme wao.

Mimi husoma kisa cha simba nikiangalia kilisemwa lini na kwa nani. Speke alikuwa njiani kwenda Buganda, kwa Kabaka Mutesa, mfalme mwenye nguvu upande uleule wa kaskazini. Mgeni anayetoka kwako kwenda kwa jirani wa namna hiyo hubeba habari. Rumanyika alijua anachokisema, nami naamini alitaka kifike.

Hata nyumbani kiti chake hakikuwa shwari. Ndagara alipofariki, katikati ya karne ya 19, ndugu watatu waliwania urithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Rumanyika alimweleza Speke kwamba mbele yao iliwekwa ngoma ndogo iliyosheheni dawa. Ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini nzito kupita kiasi kwa yule ambaye mizimu haikumtaka. Wenzake walishindwa kuinyanyua, yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Kisha kulikuwa na mahali ambapo mrithi aliketishwa chini, ardhi ikainuka naye kuelekea mbinguni. Mizimu ikimridhia, humshusha taratibu. Isipomridhia, ardhi huporomoka naye akavunjikavunjika. Rumanyika alisema aliupita mtihani huo pia. Rogero hakukubali, akaasi, na katika vita hivyo Rumanyika alipata msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Tabora. Ngoma ilimpa haki ya kutawala, na bado bunduki zilihitajika.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha maziko ya Ndagara. Mwili wake ulishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa katika mtumbwi na kuachwa uelee ziwani siku tatu hadi ukaanza kuoza. Funza watatu waliotoka humo wakapelekwa ikulu kwa mrithi. Mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. Kisha mwili ukapandishwa kwenye kilima ambacho Speke anakiandika Moga-Namirinzi. Hawakuufukia. Walijenga kibanda juu yake, wakaingiza ndani wasichana watano na ng'ombe hamsini, wakaziba mlango. Wote wakafa kwa njaa.

Msomaji wa kawaida hukimbilia wale funza na yule chui. Mimi hubaki mlangoni mwa kile kibanda. Simba wa Ruhinda wana hadithi yao na Ndagara ana jina, lakini wale watano hawakutajwa hata ukoo, wala Speke hakuuliza. Kama kuna roho Karagwe zenye sababu ya kutotulia, ni zao. Mwongozaji yeyote atakayempandisha mgeni vilima vya huko na kumsimulia habari za simba, akawaruka wasichana hao, atakuwa amesimulia nusu ya kaburi.

Pamoja na hayo, Rumanyika hakuwa mtu wa kutishwa na wafu. Kila mwaka alichinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake. Speke alipomuuliza faida yake, alicheka, akasema hajui, ila anatumaini mavuno yatakuwa mazuri zaidi. Kwenye mteremko wa kilima kulikuwa na jiwe kubwa, na mbele yake aliweka pombe na nafaka, ingawa alikiri kwamba jiwe haliwezi kula. Sijasoma maelezo bora ya tambiko kuliko hayo, tena yametoka kinywani mwa mfalme mwenyewe.

Makao ya watawala hao yalikuwa Bweranyange, leo kata ya Wilaya ya Karagwe. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki ya kifahari, na bunduki aliyoiacha Speke. Ng'ombe wa chuma na fuawe navyo vilikuwa alama za ufalme huo, kwa sababu mtawala alihesabiwa mhunzi pia. Si mbali na hapo kuna Kafuro, kilichokuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliofuata pembe za ndovu. Baada ya Rumanyika kufariki, vita vya urithi viliudhoofisha ufalme kwa kasi, na ndugu waliuana wenyewe kwa wenyewe.

Kufika huko leo, ukitoka Bukoba unapita Kyaka, ambako daraja lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha lami inakupandisha hadi Bugene na Kayanga. Kutoka Omurushaka barabara inaelekea Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko ziko chemchemi za maji moto za Mtagata. Stanley alizikuta zina wagonjwa wamelala majini pamoja, na kipimajoto chake kilisoma zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi kwenye chemchemi kali kuliko zote. Watu bado huenda kuoga kutafuta nafuu. Aendaye kutalii aingie kwa staha, maana wengine waliopo pale hawakuja kutalii.

Magharibi mwa wilaya zote mbili unapita Mto Kagera, mpaka wetu na Rwanda. Mwaka 1994 mto huu ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari, siku baada ya siku, ukapita Karagwe na Kyerwa hadi Ziwa Victoria. Zaidi ya 10,000 walizikwa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Karagwe ilipokea wakimbizi katika kambi kama Chabalisa na Omukariro. Watu walioyashuhudia hayo wako hai. Kwa hiyo msafiri asisimame ukingoni akiuliza kama mto una mizimu, kana kwamba anaulizia kivutio.

Tangu 2019 mapori ya Karagwe na Kyerwa ni hifadhi za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Jina la mfalme sasa liko kwenye mabango ya utalii. Ningetamani Bweranyange nayo ipate bango lake, na wazee wa ukoo wa kifalme wa Wahinda washirikishwe kuliandika. Kwa sasa njia ni ileile ya zamani: fika ofisi ya kata, jitambulishe, omba upelekwe kwa mzee anayeijua historia. Utakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Tafuna kwanza, msikilize mzee, maswali yafuate. Akikuambia kilima fulani hakipandwi, uliza sababu, na usipande.